Kranberi za Mzee Garvin

Jumanne, 10 Novemba 1998

Jarida letu la wakulima limekwenda posta. Nimekunja, nimebandika anwani, nimefunga mafungu kwa mpira: New Jersey, Massachusetts, Wisconsin. Ukurasa wa kwanza bei, imeshuka tena. Wa pili ukungu unaoozesha tunda. Wa tatu nimeuandika mimi, na Dk. Pell, bosi wangu, hakugusa hata neno. Kwa nini kranberi, tunda hili dogo jekundu, haitaki chokaa wala samadi. Kwa nini inataka udongo mchachu, na maji ya bomba yakiwa magumu yatiwe kitu kichachu kabla ya kumwagilia.

Naona fahari kidogo. Mtu wa Njombe, binti wa wachuma chai, anawafundisha Wamarekani tunda lao wenyewe.

Dk. Pell hakusema kitu siku nzima. Mama yule akinyamaza ujue kuna msiba.

Ijumaa, 13 Novemba

Msiba ni wetu. Wakulima ndio wanaochangia utafiti wa kituo chetu. Bei ikianguka, wa kwanza kukatwa ni sisi. Banda letu la kioo anapewa bwana wa nyanya. Dk. Pell anastaafu, anahamia kwa binti yake. Mimi nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Lile toleo la juzi ndilo la mwisho na nililifunga kwa mpira huku naimba.

Mimea yote inakwenda kwenye lundo la mboji. Nikauliza, hata ya Garvin? Dk. Pell akasema ile ni mali ya mzee mwenyewe, nani wa kumtunzia? Nikasema mimi.

Niandike nisije nikasahau kwa nini nimejibebesha mzigo huu. Mzee Garvin ni mkulima wa New Jersey, huko kwenye misitu ya misonobari. Shambani kwake palikuwa na kipande cha kranberi za mwituni. Kiangazi kimoja cha joto na mvua, majirani zake walimwaga mavuno yote kwa kuoza, kipande kile hakikuoza. Akatuletea vipandikizi tuvichunguze. Halafu bei ikapanda, tamaa ikamshika, akaingiza tingatinga akafukua kipande chote ili apande aina ya kisasa inayozaa sana. Hiyo ya kisasa ndiyo inayomwozea sasa. Vile tulivyohifadhi kwenye chupa za maabara viliingia ukungu vikafa. Basi dunia nzima mmea ule umebaki kwenye vyungu vya plastiki vinavyojaa meza moja. Aprili, baridi ikishakwisha, atakuja kuvichukua aanze upya. Akivikosa anauza shamba. Kaniambia kwa mdomo wake.

Jumamosi, 14 Novemba

Tumevileta nyumbani Hyattsville kwa gari la mume wangu, Baba Neema. Nimevipanga kwenye banda la nyuma, lile la mbao, lisilo na moto. Nimevifunika kwa majani makavu ya misonobari. Kranberi ikikosa baridi haichanui. Lazima ilale, ipigwe na baridi miezi kadhaa, ndipo masika iamke na maua.

Mama mkwe alisimama mlangoni na khanga mbili na koti la mwanawe, akitazama. Alikuja Septemba kumwona mjukuu. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwangu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Anapika, anafua, anapanga kabati zangu upya. Sasa sioni chumvi yangu iko wapi.

Kauliza, mimea hii ya nani? Nikamwambia ya mzee mmoja. Akasema, "Maskini. Na wewe ndio unailaza nje?"

Jumatatu, 16 Novemba

Mzee Garvin kapiga simu. Kila Jumatatu alikuwa akipiga ofisini kuuliza habari za bei na ukungu kabla hazijatoka jaridani. Sasa kapiga nyumbani. Hana mke, hana mtoto aliyebaki shambani. Kauliza, wamelalaje? Anaisema mimea kama watu. Nikamwambia wamelala vizuri. Akacheka. Sauti yake imechoka.

Alhamisi, 26 Novemba

Siku ya shukrani ya Wamarekani. Baba Neema kaleta bata mzinga na kopo la kranberi. Mama kaonja, kakunja uso mpaka macho yakapotea. Kasema ukwaju una adabu kuliko hiki.

Kabla ya chakula nilikwenda bandani kumwagilia kidogo. Natia siki kwenye maji, kipimo cha Dk. Pell. Nikageuka, Mama yuko nyuma yangu, mkono mdomoni. Kanusa ndoo. Kasema, "Mama Neema, hii si siki?"

Nikasema ndiyo. Nikapita. Wageni walikuwa wanakuja, bata yuko motoni, sikuwa na nafasi ya darasa.

Jumanne, 15 Desemba

Nimepata kazi nyumba ya kulelea wazee. Nawageuza, nawaosha, nawalisha. Kazi ya heshima lakini mgongo hauna heshima. Nikirudi sitaki mtu aniulize kitu. Nguo zote anafua Mama, kwenye mashine iliyo chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuru la kupashia nyumba joto. Sijashuka huko tangu nianze kazi hii.

Majani ya kranberi yamegeuka, kutoka kijani kuwa rangi ya damu iliyokauka. Ndivyo inavyotakiwa, ndivyo yanavyolala. Mama kayaona. Meza nzima ya chakula cha jioni ilikuwa ni hayo tu. Yamekufa. Yanakufa. Siki juu, baridi chini, kiumbe gani atapona? Kwao Kilosa amelima mchicha, kunde, bamia, tangu hajavunja ungo. Hajawahi kuona mmea unaotaka baridi.

Nikamwambia, "Ziache tu, Mama." Basi. Baba Neema alinitazama. Najua lilitoka kavu.

Jumapili, 17 Januari 1999

Barafu. Si theluji, barafu yenyewe, imeganda juu ya matawi, nyaya, ngazi. Umeme ulikatika Hyattsville nzima tangu Alhamisi au Ijumaa. Mimi nilikwama kazini, waliotakiwa kutupokea hawakufika, nikaunganisha zamu juu ya zamu. Nililala kwenye kiti. Bibi mmoja alinishika mkono alfajiri akidhani mimi ni dada yake.

Nimerudi leo, umeme umerudi pia. Mama ndiye aliyewaokoa. Alitoa jiko la mkaa la kuchomea nyama, akaliweka kibarazani, akapika uji, maharage, maji ya kuoga. Majirani wakaja na sufuria zao. Baba Neema anasimulia kama vile mamake alishinda vita. Nimemshukuru kwa moyo kabisa. Tena nimemwomba radhi moyoni kwa ile chumvi.

Nimechungulia dirishani. Mlango wa banda umefungwa, umegandiana na barafu. Vizuri. Kranberi ziko salama, hizo ndizo zinazoifurahia hali hii peke yao.

Jumatatu, 25 Januari

Garvin. Kwao shamba la kranberi hufunikwa maji wakati wa baridi, na bwawa hilo limeganda vizuri mwaka huu, wanamwaga mchanga juu ya barafu kwa lori. Barafu ikiyeyuka mchanga unatua taratibu juu ya mimea, inatoa mizizi mipya. Nilishaiandika jaridani mara nyingi lakini kumsikia mtu aliye juu ya barafu akisimulia ni kitu kingine. Kaacha pembe moja wazi kwa ajili ya vyungu vyangu. Kaweka vigingi.

Kasema mnunuzi wa ardhi kaja tena, wa kujenga nyumba. Kamwambia arudi mwezi wa sita. "Mwezi wa sita nitakuwa na majibu," kaniambia.

Sijaenda bandani. Wakati huu hazitaki kuguswa.

Jumapili, 7 Februari

Naandika kwa hasira. Hasira na aibu pamoja, sijui ipi ya juu.

Ibada yetu ya Kiswahili tunafanyia ukumbi wa kanisa la Wamarekani. Wakati wa shuhuda Mama akasimama, akaenda mbele, na chini ya khanga katoa chungu. Chungu changu. Chungu cha Garvin. Kimechipua. Machipukizi mabichi, laini, urefu wa kidole, katikati ya Februari.

"Bwana asifiwe." Amina. "Mkwe wangu aliniachia mimea imekufa, imekuwa myekundu kama moto. Nikaitoa kwenye baridi nikaiingiza chini, karibu na tanuru. Nikaipa dawa ya kwetu. Nikaiombea kila asubuhi. Tazameni."

Makofi. Vigelegele. Mzee mmoja Mkongo, anayemwita Mama kwa jina la mwanawe, kasema "Mungu wa Mama Yohana!" mpaka kipaza sauti kikalia. Mama Wambui, nesi, aliye benchi la mbele yangu, akanigeukia machozi yanamlenga: "Si hiyo ni miracle kabisa. Nitapewa kamoja nipande kwa nyumba?"

Nikatabasamu. Ndiyo, nikatabasamu. Ningefanya nini? Lakini niliona. Kwenye majani ya chini, kando kando, manjano.

Tulipofika nyumbani nikashuka chini bila kuvua koti. Vyungu vyote viko pale, vimejipanga kando ya tanuru, vimefunikwa blanketi la Neema la zamani. Joto kama Morogoro. Na juu ya udongo wa kila chungu, tabaka la kijivu, limekwisha kulowana na kuingia ndani. Majivu. Majivu ya lile jiko la mkaa.

Jumatatu, 8 Februari

Nimempigia Dk. Pell huko kwa binti yake. Akasema kile nilichokuwa najua. Joto peke yake lingetuharibia maua ya mwaka mmoja, lakini mmea ungeishi. Majivu ni sawasawa na chokaa. Yameondoa uchachu wote, mizizi sasa haiwezi kula hata kilichopo. Nikwangue juu, nisuuze kwa maji ya siki, tena na tena. Nisitegemee sana.

Nimekwangua kwa kijiko. Nimesuuza. Mama alikuja akasimama kwenye ngazi, anafurahi kwamba nimeanza kuzijali. Kasema kwao bamia zikidumaa, ni majivu tu, hata wadudu wanakimbia. Kasema aliona ile siki, akasema moyoni, huyu mtoto wa watu kafundishwa vibaya, ngoja nimsaidie bila kumwaibisha.

Bila kuniaibisha. Nilijifanya natafuta kitambaa.

Ijumaa, 12 Februari

Nimegombana na Baba Neema. Kwa sauti ya chini, jikoni, bomba limefunguliwa ili Mama asisikie. Mimi nataka kumwambia. Yeye hataki.

"Presha yake unaijua. Ukimwambia kaua, atakufa yeye. Ni majani tu, mke wangu."

Si majani tu. Nikamwambia kuna mzee huko anasubiri, shamba la babu yake linasimama juu ya majani hayo. Akasema mzee yule si mama yake.

Nimenyamaza. Lakini nijisemee ukweli hapa, hakuna anayenisoma. Sinyamazi kwa sababu ya presha. Nanyamaza kwa sababu nikianza kueleza nitalazimika kusema kwa nini sikueleza tangu Novemba. Nimewaandikia wakulima wa majimbo matatu kwa nini kranberi haitaki chokaa, kwa mifano, kwa mchoro. Mtu anayelala chumba cha pili nilimwambia ziache tu.

Jumatatu, 15 Februari

Nimetoka kazini, Mama ananisubiri mlangoni anacheka. Mzungu kapiga simu! Na yeye kazungumza naye! Kiingereza chake chote anachokijua kakitumia. Kanirudia neno kwa neno, anahesabu kwa vidole: "Plant good. Green. Very green. Thank you Jesus."

Nimekaa kwenye ngazi na viatu vyangu.

Mkulima wa kranberi akiambiwa kijani mwezi wa pili, hahitaji mkalimani.

Jumanne, 16 Februari

Kapiga kabla sijatoka kwenda kazini. Hakusalimia. "Mbona mama yako anasema kijani?"

Nikamwambia. Joto. Majivu. Nani, lini, kwa nini. Nilisema yote kwa pumzi moja, nimeegemea friji. Sikumtetea Mama na sikujitetea.

Nilisikia redio yake nyuma, habari za hali ya hewa.

Akasema atakuja Jumamosi.

Jumamosi, 20 Februari

Nilimtegemea mtu mkubwa, kwa sababu ya sauti. Kumbe mfupi, mwembamba, masikio makubwa mekundu kwa baridi. Kavua kofia mlangoni mbele ya Mama. Mama kamshika mkono kwa mikono miwili, kamwita Baba, kamvuta mezani. Alianza kupika tangu asubuhi: wali wa nazi, kuku, mchicha. Mgeni hawezi kuona mimea kwanza na chakula baadaye, nyumba hii si ya wachawi. Basi kala. Kamaliza sahani, kaongezwa, kamaliza tena. Mimi sikuweza kumeza.

Kisha tukashuka.

Kapiga magoti sakafuni. Kachukua udongo, kausugua kwa vidole, kaunusa. Kaniomba siki na kisosi. Kaweka udongo kidogo kwenye kisosi, kamwagia siki.

Ukatoa povu. Si sana. Ulichemka kidogo, sauti kama ya soda, kisha ukatulia. Baada ya kusuuza kote kule.

Alibaki amepiga magoti anakitazama kisosi. Mama alikuwa amesimama karibu nami na kitambaa cha jikoni begani. Hakutazama kisosi peke yake. Alimtazama mzee usoni, muda mrefu, mkulima anavyomtazama mkulima mwenzake baada ya mvua ya mawe. Tabasamu lake likaondoka. Akageuka akapanda ngazi, mkono ukutani.

Garvin kachagua vichipukizi ambavyo havijawa manjano, kavikata kwa kisu chake, kavifunga kwenye gazeti lililoloweshwa. Anakwenda kujaribu kuviotesha kwenye mchanga wake na mboji yake. Vichipukizi laini, vya wakati usio wake. Tulijua wote wawili kwamba havitashika.

Mlangoni alimtafuta Mama amshukuru kwa chakula. Mama alikuwa amejifungia chumbani. Nikamwambia anasali. Uongo. Mama husali asubuhi, lakini yeye hajui.

Jumatano, 3 Machi

Majani yanapukutika. Nikipita na ndoo upepo wa gauni langu tu unayaangusha. Shina moja nimelikwaruza kwa ukucha, ndani kahawia. La pili, kahawia.

Mama hashuki tena chini. Nguo anafulia kwenye beseni bafuni. Baba Neema anamwuliza, Mama, mashine imeharibika? Anasema anapenda mkono. Haimbi jikoni. Kanisani wanamwuliza habari za mimea, anasema iko huko. Mama Wambui ameleta kikopo kabisa, kimeoshwa, apewe kale kamoja. Mama kakipokea kakiweka kabatini.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na nyumba hii sasa ina kimya cha watu watatu wazima. Neema ndiye anayeongea peke yake. Jana kaniuliza mezani, mbele ya wote, "Mom, why is Bibi sad?" Nikamwambia ale.

Namchukia Mama kidogo. Niliandike lilivyo. Namchukia kwa wema wake, kwa kuwa mtu akikudhuru kwa ubaya unapata pa kumshikia. Halafu asubuhi nakuta kanitengea chai na andazi, limefunikwa kwa sahani lisipoe.

Jumatatu, 15 Machi

Garvin.

Vichipukizi vimekufa vyote. Vilisimama wiki mbili hivi, akapata matumaini, kisha vikaanguka kwa siku moja. Kang'oa vile vigingi vya pembeni.

Mnunuzi hakusubiri mwezi wa sita. Karudi wiki iliyopita, naye kamkubalia. Watajenga nyumba. Bwawa litafukiwa. Alisema hayo kwa sauti ileile anayotumia kusema bei.

Nikamwambia samahani. Neno dogo hilo, nililisema mara ngapi sijui. Akanikatiza. Akasema, "Sikiliza. Mimi niliua ekari nzima kwa tingatinga, nikiwa nimesoma kila kitu mlichoniandikia. Yule mama hakusoma chochote. Usimwekee kinyongo."

Kisha kaniuliza wapi nitakwenda sasa na ujuzi wangu. Nikasema nipo kwa wazee. Akasema naye karibu atakuja huko. Tukacheka kidogo, vibaya. Hakusema atapiga Jumatatu ijayo.

Jumatano, 17 Machi

Sikuwa na zamu. Baba Neema kazini, Neema shuleni. Nilikuwa nachambua mchele mezani. Mama akaja akakaa mbele yangu, akachukua upande wake wa sinia, akaanza kuchambua naye.

Baadaye akasema, bila kuinua macho, "Lile povu lilikuwa majivu yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa nao tayari tangu Februari, Baba Neema na mimi tumeupanga: ugonjwa wa mimea, wadudu, hata huko kituoni vilikuwa vinaumwa. Ulikuwa uongo mzuri. Mdomo ukafunguka ukatoka ukweli.

"Ndiyo, Mama."

"Na mzee?"

"Anauza shamba."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. Akatoa lingine. Nikaanza kumweleza, sasa, ndiyo sasa, habari za udongo mchachu, siki, baridi, majani mekundu yanayolala. Nilieleza vizuri, bila haraka. Alisikiliza yote. Kaelewa mara moja, hata mfano hakuhitaji. Kasema kumbe ni kama mpunga, nao hautaki kila shamba, una majaruba yake. Ndiyo, Mama, hivyohivyo. Dakika chache tu zilitosha.

Kisha akaniambia jambo ambalo nitakufa nalo. Hakulisema kwa ukali.

"Mwezi mzima na zaidi umeniamkia kila asubuhi. Shikamoo Mama, shikamoo Mama. Na mimi naitikia marahaba, na ulikuwa unajua. Majivu nimeweka mimi, Mama Neema. Lakini hii ya kuniacha nitembee kanisani nashukuriwa, hii umeniwekea wewe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Aliinuka, akaosha mchele, akaubandika. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, bafuni, juu ya beseni lake la nguo.

Alhamisi, 18 Machi

Nimemwambia Baba Neema. Kakasirika, kisha kaenda chumbani kwa mamake, wakakaa muda. Presha haikupanda.

Nimebeba vyungu vyote nikavimwaga nyuma ya banda. Udongo ule hauna faida tena kwa kitu chochote kinachopenda uchachu. Labda mchicha ungeota.

Jumapili, 21 Machi

Mvua nyembamba tangu asubuhi.

Kanisani, wakati wa shuhuda, Mama alisimama. Baba Neema alimshika ncha ya khanga. Aliitoa mkononi mwake taratibu, akaenda mbele.

Akasema: "Mwezi jana nilisimama hapa nikawaambia Mungu kafufua mimea. Mimea ile imekufa. Ilikuwa ya mzee mmoja mgeni. Ilikuwa mizima, imelala tu, na mimi ndiye niliyeiua, kwa kutojua. Basi ule ushuhuda naurudisha."

Hakusema Bwana asifiwe. Hakuna aliyesema amina. Kanisa letu lina wimbo wa harusi, wa msiba, wa kupata kazi, wa kufaulu mtihani wa unesi. Kwa hili hapakuwa na wimbo. Mpiga kinanda alitazama vidole vyake. Mama Wambui aliinamisha kichwa. Mama alibaki amesimama pale mbele, mikono imeshika khanga, kwa sababu hakujua sasa ashuke vipi.

Nikaenda nikasimama karibu naye. Nikasema kwamba mimi nilijua mapema, siku ileile ya makofi, na sikumwambia. Tukarudi tukakaa, mchungaji akafungua Biblia.

Baba Neema alikuwa na zamu, kaondoka na gari. Sisi tulirudi kwa miguu. Neema alitangulia, anaruka madimbwi. Mama aliuliza tiketi yake ya kurudi ni tarehe ngapi, nikamwambia. Akasema sawa.

Tulipofika barabara kubwa alinishika mkono. Anayaogopa magari ya hapa. Tulivuka. Ng'ambo hakuuachia, nami sikuuvuta.